Kisanduku Kilichosema Hakuna

Mama yangu aliuawa na neno moja, na neno hilo niliandika mimi. Sikuliandika kwa kalamu. Niliandika amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, nikabonyeza, na kabla sijamaliza kikombe changu cha chai neno lilikuwa limeshaingia kwenye maelfu ya faili za wagonjwa, yake ikiwemo. Neno lenyewe ni "Hakuna". Linakaa katika kisanduku kinachouliza: ni dawa gani humkataa mgonjwa huyu? Ndugu zangu wanaamini kwamba mama aliuawa na uzembe wa daktari. Nimewaacha waamini hivyo.

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi katika idara ya rekodi ya hospitali moja ndogo hapa Machakos mjini. Nilianza nikiwa karani wa kutafuta kadi, kisha nikawa mtu wa kompyuta, kwa sababu siku kompyuta zilipoletwa mkubwa aliuliza nani anazijua na wenzangu wote wakarudi nyuma hatua moja. Kabla ya hapo, rekodi ya mgonjwa ilikuwa daftari la shule. Unalinunua dukani, unalifunika kwa gazeti, unaandika jina lako juu, na kila daktari utakayemwona anaandika humo. Kisha unaenda nalo nyumbani. Hospitali haikubaki na kitu ila mstari mmoja kwenye kitabu kikubwa cha mapokezi.

Niliyachukia madaftari hayo. Yalikuja na masizi, yalikuja na mafuta ya kupikia, yalikuja na michoro ya watoto juu ya majibu ya damu. Mzee mmoja alikuja na jalada tupu. Kurasa zote mkewe alikuwa amewashia jiko, na mzee akasimama pale dirishani ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyewasha. Nikasema moyoni, siku yaja.

Siku ikaja, lakini ilikuja na fujo yake. Kila hospitali ilinunua mfumo wake na kuandika mambo kwa namna yake. Sisi tuliandika siku kwanza halafu mwezi, wenzetu mwezi kwanza halafu siku. Sisi mwanamke tulimwandika "F", kituo kingine "2", kingine "KE". Tulipojaribu kutumiana faili, mgonjwa alitoka kwetu akiwa mama wa watoto watatu na kufika kwao akiwa mwanamume asiye na umri. Tulicheka sana siku hizo za mwanzo.

Ndipo nilipokutana na viwango. Sina namna nzuri ya kueleza viwango vya kompyuta kuliko gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka. Ukienda sokoni kununua mbaazi, humuulizi muuzaji kipimo chake ni kipi. Ni ule mkebe, na kila mtu anaujua, hata yule aliyeugonga kitako ukabonyea ili apunje wateja anapunja kwa mkebe uleule. Kiwango ni watu kukubaliana mkebe mmoja kabla ya kupima: tarehe iandikwe hivi, ugonjwa huu uitwe hivi, kisanduku hiki kisiachwe wazi. Hakuna ujanja mwingine. Mradi ulipokuja wa kuunganisha vituo vyote vya upande wetu kwa kiwango kimoja, nikachaguliwa kuusimamia kwa upande wa hospitali yetu, na nikashikilia viwango kama mtu aliyeokoka jana. Nilivihubiri hata harusini.

Mama alikaa Kathiani, kwenye shamba letu la mteremko, na mahindi yake na maharagwe na michungwa. Mimi ni binti yake wa pili, kwa hivyo kwa desturi yetu Wakamba nilipewa jina la mama yake mzazi. Ndiyo maana aliniita mwaitu, yaani mama yangu, nami nilimwita mwaitu, na wageni waliotusikia tukiitana hivyo walishindwa kujua nani alimzaa nani. Kwa utani alikuwa akinidai ninyamazishe watoto wangu, maana yeye naye ni mtoto wangu na anataka kulala.

Daftari lake la hospitali lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuona. Alilitunza ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na maandishi mekundu ya muuguzi mmoja mzee, ya tangu nikiwa darasa la tano. Wakati huo mama alidungwa sindano ya penisilini, akafura uso, midomo ikawa kama ya mtu mwingine, pumzi ikakwama. Walimwokoa kwa bahati. Yule muuguzi akaandika kwa herufi kubwa ASIDUNGWE PENISILINI, akapiga mstari chini mara tatu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini kila alipoketi mbele ya daktari alifungua ukurasa huo kwanza, akauwekea kidole, na hakukitoa kidole mpaka daktari aseme ameona.

"Mwaitu, hiyo kitabu wachana nayo sasa," nilimwambia jikoni kwake, mwaka ule tulipoanza mradi. "Kila kitu iko kwa kompyuta."

"Na stima ikipotea?"

"Kuna betri."

"Na wewe ukipotea?"

"Nipotee niende wapi?"

Alinionyesha ule ukurasa. "Na hiyo kompyuta yenu inajua hii?"

"Inajua. Niliandika mimi mwenyewe."

Na ni kweli, niliandika. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii chochote. Katika mfumo wetu wa zamani hapakuwa na kisanduku cha mzio, au aleji kama tunavyosema, basi tuliandika mambo hayo chini kabisa, mahali palipoitwa Maoni. Kwenye Maoni ya mama niliandika: "Penisilini ilimkataa, alifura, asidungwe kamwe." Aliniamini. Daftari akalirarua kurasa, akazikunja kuwa pakiti za mbegu za kunde. Mimi nilimsaidia kuzikunja.

Sasa nieleze lile kosa lenyewe, na nitalieleza polepole kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi mno hata najua harufu ya chumba.

Mfumo mpya ulitaka kila faili ije na kisanduku cha mzio kikiwa kimejazwa. Kiwango kilikubali majibu matatu tu. La kwanza, jina la dawa inayomkataa mgonjwa. La pili, Hakuna, maana yake mgonjwa ameulizwa na akasema hana tatizo. La tatu, Haijaulizwa. Ukiweka Haijaulizwa, faili inageuka rangi ya manjano, na daktari hawezi kuagiza dawa yoyote mpaka mtu amuulize mgonjwa na kujaza jibu. Walioandika kiwango hicho walikuwa na akili. Walijua kwamba kutojua na kutokuwepo ni vitu viwili. Mimi pia nilijua, nilifundishwa, nilifaulu mtihani wake.

Faili zetu zilikuja bila kisanduku hicho, na mfumo mpya ukazikataa zote. Skrini nzima ikawa nyekundu. Yale Maoni yasingeweza kuhamishwa kwa amri, kwa sababu kila karani aliandika humo alivyotaka: "dawa ya minyoo ilimkataa", "anaogopa sindano", "mume wake asiambiwe", "mkali". Ilibidi mtu aketi asome moja moja. Ingekuwa kazi ya wiki nyingi. Ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu waheshimiwa walikuwa wanakuja kuzindua mradi.

"Madam, tufanye nini?" mkubwa wangu aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anapumua masikioni mwangu.

"Tunaweza kuweka zote Haijaulizwa."

"Si hapo zitakuwa za manjano?"

"Ndiyo."

"Wageni waone manjano kutoka juu mpaka chini? Watasema tumeharibu kazi."

Ningeweza kunyamaza hapo. Mtu mwenye busara angenyamaza na kumwacha yeye atafute njia. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiona mlango umekwama hapumziki mpaka ufunguke. Nikasema, "Basi tuweke Hakuna kwa sasa. Halafu nitapitia Maoni polepole, nirekebishe." Wazo lilikuwa langu, na vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyangu. Skrini ikageuka kijani, mkubwa akanipiga begani, akaagiza mandazi.

Kesho yake Jumamosi nilijaribu mfumo, na faili niliyochagua kujaribia ilikuwa ya mama, maana ndiyo niliyoijua yote kwa moyo. Jina sawa. Simu sawa. Kijiji sawa. Tarehe ya kuzaliwa ilinisumbua, kwani mama hakujua siku aliyozaliwa, alijua tu kwamba ni msimu wa njaa, na kiwango kilidai siku na mwezi. Nilipoteza saa nzima hapo nikibishana na skrini, nikampigia hata simu. Hatimaye nikaweka tarehe mosi Januari kama ya wazee wote wa Ukambani. Kisanduku cha mzio kilikuwa inchi moja chini ya tarehe hiyo. Kilikuwa cha kijani. Mimi nilikuwa natafuta nyekundu.

Uzinduzi ulifana. Baada ya hapo nikaanza kutumwa huku na huku kufundisha madaktari na makarani, na ile kazi ya kusoma Maoni nikawa naiahirisha, wiki hii, wiki ijayo. Wiki ya tatu nilirudi ofisini nikakuta kompyuta ya zamani haipo. Ilikuwa imefutwa kila kitu na kupewa shule ya msingi. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya vile visanduku vilivyohama tu. Nilikaa kwenye kiti, kisha, Mungu anisamehe, nikahisi nafuu kidogo kwamba kazi ile ndefu imeniondokea. Sikumwaza mama hata dakika moja. Hilo ndilo siwezi kumweleza mtu yeyote akanielewa.

Alipougua, nilikuwa Kyumbi, kwenye ukumbi wa hoteli, ninafundisha. Nilikuwa na sheria ya darasani kwamba simu zote zizimwe, na mwalimu ni mfano, kwa hivyo yangu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nilikuwa na msemo nilioupenda sana: "Mgonjwa husahau, kompyuta haisahau. Usimuulize mgonjwa kitu ambacho kompyuta inajua." Watu waliuandika kwenye madaftari yao. Niliusema siku hiyo pia, kama saa nne hivi. Saa nne hivi ndipo mama alipodungwa.

Saa ya chakula niliwasha simu nikakuta jirani yake amenipigia mara saba. Homa ilikuwa imempanda mama usiku, kifua kimebana, na asubuhi akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akimwita mama yake. Jirani alidhani ananiita mimi. Akampeleka kituo cha afya kilicho karibu na kwao, na kituo hicho kilikuwa kimoja kati ya vile tulivyounganisha. Nilipofika walikuwa wameshamfunika.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilimtambua. Alikuwa amekaa mstari wa pili katika darasa langu la kwanza, na aliuliza maswali mazuri. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilicheki, madam," aliniambia. "Hakuwa anaweza kuongea, nikafungua kompyuta. Ilisema hakuna. Nikacheki tena, nikijua ni mama yako. Ilisema hakuna. Nikamdunga. Dakika mbili tu akaanza kufura. Nilimpa dawa ya kumrudisha, nikampa tena. Hakurudi."

Wakati ule ule kaka yangu aliingia, akasikia neno "nikamdunga", akaanza kupiga kelele. Alimwita muuaji. Alimuuliza cheti chake alinunua wapi. Yule daktari alinitazama juu ya bega la kaka yangu, akingoja niseme jambo. Nilijua tayari. Nilijua tangu aliposema hakuna, mara ya kwanza. Nikainamisha uso, nikalia, na kwa kuwa kilio cha mwanamke aliyefiwa hakihojiwi na mtu, nikajificha humo.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kweli. Nilichimba mimi, akaingia mama yangu, na wa pili akasukumwa yule daktari. Aliondolewa kwenye kutibu akapelekwa stoo wakati uchunguzi ukiendelea. Tulimzika mama chini ya michungwa. Padri alisema mipango ya Mungu haina makosa, na mimi nikajiuliza Mungu anahusikaje na amri ya mstari mmoja ya siku ya Ijumaa.

Wiki mbili baada ya mazishi yule daktari alinijia nyumbani. Nilimkaribisha chai, hakuigusa. Nilidhani amekuja kunitukana, au kuniomba nimtetee, na nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamweleza kila kitu kabla hajauliza: Maoni, rangi ya manjano, waheshimiwa, ile amri. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mtaalamu wa viwango, sikuwa nimejiuliza.

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Si umesema ulijaza faili zote. Wako wangapi wenye dawa inawakataa, na kompyuta inasema hakuna?"

Nikamwambia sijui. Hakuna ajuaye. Maoni yalifutwa. Mkebe wetu mmoja uliokubaliwa na vituo vyote sasa ulikuwa unapima uongo mmoja, kwa usahihi uleule, kila mahali. Aliinuka akaenda. Mlangoni alisema, "Mimi wameniweka stoo. Aliye kwa zamu leo bado anaangalia hiyo skrini."

Nilienda kwa mkubwa wangu asubuhi iliyofuata. Nilimwomba ruhusa nigeuze faili zote ziwe Haijaulizwa. Amri ni ileile ya mstari mmoja. Alifunga mlango. Akaniambia nimefiwa, nimechoka, nahitaji kupumzika. Akaniambia nikigeuza faili zote siku moja, watauliza kwa nini. "Na wakiuliza kwa nini, itakuwa mimi na wewe." Alasiri hiyo nenosiri langu lilikataa. Niliwaandikia barua wanaomchunguza yule daktari, kwamba hakukosea, nikaipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri. Sijajibiwa. Nakala sikuwapa ndugu zangu.

Nilichobaki nacho ni karatasi. Nilikuwa nimechapisha kurasa chache za faili hizo kwa ajili ya mafunzo, majina na simu tu, watu mia mbili na kitu. Katika maelfu, hao ni tone. Nikaanza kuwapigia mchana, kutoka mezani jikoni, mmoja mmoja, nikiwauliza kama kuna dawa inayowakataa. Simu nyingi hazipatikani. Wengine walidhani mimi ni tapeli wakanitukana kwa Kikamba kizuri. Mama mmoja alisema anayo moja, ya malaria, nikamwambia ainunulie daftari, aiandike kwa herufi kubwa, na akifika hospitali aionyeshe kwanza. Alicheka. "Si mlituambia tutupe?"

Alhamisi iliyopita nilipiga namba ya mwanamke mmoja wa upande wa Lukenya, akapokea mwanamume. Nikamtaja mwenye simu kwa majina yake yote mawili.

"Huyo ni bibi yangu, mama watoto," alisema. "Tulimzika mwezi jana."

"Pole sana. Aliugua nini?"

"Kifua tu. Alienda na miguu yake. Walimdunga sindano pale kwa kituo, hata hatukufika nyumbani."

Ningekata hapo. Lakini kinywa kilikuwa kimezoea swali. "Kuna dawa ilikuwa inamkataa?"

Nilisikia kuku wake, na mtu akipasua mawe mbali.

"Iko moja ilikuwa inamfurisha mdomo," alisema. "Lakini alisema hiyo mliandika kwa kompyuta." Kisha sauti yake ikabadilika. "Kwani wewe ni nani?"

Nikamwambia nimekosea namba.